Mlangoni mwa ziwa, Kalundu



Msimu umekwisha. Mlango wa kiwanja cha kambi pale ziwani umefungwa kwa mnyororo, na sisi saba tuliokaa pale tangu Juni tumerudi kwenye shughuli zetu. Sokoni na kwenye likelemba mmetuuliza sana kama ile ni kazi ya kweli au tunakaa tu chini ya mwembe tukihesabu makuta. Mwakani itahitaji mikono mingine, kwa hiyo tumepatana tuiandike hapa jinsi ilivyo.

Mahali penyewe mnapajua hata kama hamjaingia. Ukitoka mjini Uvira kuelekea Fizi unaipita bandari ya Kalundu, na malori yake, na wapakiaji waliolala juu ya magunia wakisubiri boti ya Kalemie. Kutoka hapo milima inausogelea ufuo mpaka barabara inabaki kama mkanda kati ya mlima na maji. Kiwanja kiko kwenye kipande cha mchanga kilichobaki upande wa maji: miembe michache, jiko la mabati, vyoo vinne, na nafasi ya kusimamisha hema. Wakati wa vakansi makanisa na masomo huwaleta vijana kupiga kambi siku tatu au tano. Jumapili huja watu wa mji na familia zao, na wengine hushuka kutoka Bukavu kutafuta joto letu. Jua linatoka ng'ambo, juu ya milima ya Burundi, na jioni linajificha mapema nyuma ya milima yetu wenyewe. Ikifika saa kumi na moja kiwanja chote kiko kwenye kivuli huku upande wa Bujumbura bado kunang'aa. Wageni hudhani usiku umeingia, wanaanza kukusanya vitu kwa haraka. Kwetu sisi wa mlangoni hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote, na tutaifikia.

Wanne kati yetu ni wauza ndagala. Tangu nchi nne zenye ziwa hili, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilipopatana uvuvi ufungwe kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazae, miezi hiyo beseni zetu zinakauka. Hatubishani na sheria hiyo. Tumeona kwa macho yetu ndagala walivyopungua, na nyavu zilivyozidi kuwa na matundu madogo mwaka hata mwaka. Lakini minervali ya watoto wa sekondari haingoji samaki wazae. Kazi ya mlango inaanza samaki wakiwa wamefungwa na inaisha mvua zinapokaribia, kwa hiyo imetufaa. Malipo ni haya: katika kila tiketi kumi, ya moja ni yetu, na jioni tunagawana wote saba, aliyekuwa zamu na asiyekuwa. Siku isiyo na wageni hatupati kitu, na siku ambazo barabara haipitiki kwa sababu ya risasi hatufungui kabisa.

Mlango tunaokaa sasa ni wa tatu. Wa kwanza uko majini. Zamani kulikuwa na njia ya chini iliyofuata ufuo, kila mtu akiipita, wavuvi, wafua nguo, watoto wa masomo, na mlango wa kiwanja ulikuwa kwenye njia hiyo. Ziwa lilipopanda mwaka 2021 mlango ukasogezwa juu. Mwaka 2024 likapanda tena zaidi, likaingia kwenye nyumba za watu, likaingia hata bandarini, na mlango wa pili nao ukaachwa. Nguzo mbili za ule wa kwanza zinaonekana mpaka leo, hatua kama ishirini kutoka ufuoni, vichwa tu juu ya maji, na mdiria hupenda kukaa pale akivizia dagaa wadogo. Watoto wanataka kuogelea mpaka kwenye nguzo hizo. Tunawakataza kila siku, na kila siku yuko anayejaribu.

Mji huu maji yameujia pande zote mbili. Lile gharika la Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba na watu wetu wengi wakafa, lilitoka mgongoni, mlimani. Hili la ziwa limekuja polepole kutoka mbele. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mvua zikizidi, Ruzizi na mito ya milimani inaingiza maji kuliko Lukuga inavyoweza kuyatoa. Koko mmoja jirani ya kiwanja hutuambia kwamba mwaka 1964 maji yalipanda namna hii hii, yeye akiwa msichana, kisha yakarudi yenyewe. Yeye hana haraka. Sisi tunatazama ile mistari ya chokaa tuliyoipiga kwenye shina la mwembe, na mwaka huu maji yamerudi nyuma kidogo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotusumbua msimu mzima. Njia ya chini ilipomezwa, wamama wa nyumba za juu ya barabara walikosa pa kushukia. Bomba kwao linatoa maji siku kadhaa na siku nyingine linakohoa tu. Upande mmoja kuna ukuta wa watu, upande mwingine mawe na matete marefu ambamo hakuna mama anayetaka kumpitisha mtoto alfajiri. Imebaki kupitia kiwanjani, yaani kupitia kwetu.

Mwenye kiwanja alitaka kila anayepita alipe. Aliona amefanya huruma aliposema anayechota alipe faranga mia mbili kwa bidoni, wakati mgeni mkubwa analipa elfu mbili na mtoto elfu moja. Nasi, kama mlivyosoma, tulikuwa na fungu letu katika kila kinachokusanywa. Asubuhi moja hupita bidoni nyingi sana. Mtu angeweza kupiga hesabu, na tusiwafiche, mmoja wetu aliipiga kwa sauti, tukaisikia wote.

Asubuhi ya kwanza ya amri hiyo akaja mama mmoja, mtoto mgongoni kwenye kikwembe, bidoni mbili za njano mkononi. Tukamweleza. Akatutazama mmoja mmoja, kwa sababu anatujua, tunanunua sombe kwake. Akasema, “Dada zangu, mimi siko vakansi.” Hakuongeza neno. Akakaa juu ya bidoni yake kungoja tuamue, na nyuma yake mstari ukaongezeka.

Tulimruhusu, na mstari wote. Kisha tukaenda watano kwa mwenye kiwanja, wawili wakabaki mlangoni. Tulimwambia hivi: Papa, tiketi ya kuogelea tutaikata, ya hema tutaikata, ya pikipiki kuegeshwa tutaikata. Ya maji ya kupikia hatuikati. Ukitaka ikatwe, tafuta wamama wengine saba, na uwatafute mbali, kwa sababu wa hapa wote wana ndugu kwenye mstari ule. Hakukasirika sana. Alisema wageni wake hawapendi kuamka kwenye hema na kukuta watu wanapita na beseni. Lilikuwa neno la haki upande wake. Yeye naye maji yamemla nusu ya ardhi na hakuna aliyemlipa. Siku mbili alinyamaza. Siku ya tatu akaja na kibao cha mbao na makaa, akatuambia tuandike wenyewe: kuchota maji, saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, bure.

Halijaisha. Bomba halijui saa mbili. Jumamosi watu wanafua, na mama aliyetoka shambani mchana naye anahitaji maji ya jioni. Mara nyingi tumetazama pembeni bidoni moja ikipita saa tisa, na mara nyingine mgeni amelalamika. Tunamwandikia mwenye kiwanja barua kabla ya msimu ujao, tukiomba pande la matete lifyekwe ili njia ya maji iwe peke yake. Wamama wa juu wamesema watafyeka wenyewe wakipewa ruhusa.

Jambo moja jema limetoka kwenye msongamano huo, ambalo hatukulitazamia. Zamani kila mtu alichota pake. Sasa asubuhi maji yote yanapita mlango mmoja, kwa hiyo vijana waliofundishwa kutia klorini wanakaa nje ya mlango na bomba lao la sindano, na kila bidoni inatiwa kipimo chake kabla ya kupanda. Mnajua kipindupindu hakiusahau mji huu. Bidoni ikitiwa klorini, ngojeni nusu saa kabla ya kunywa, harufu isiwatishe. Ndani ya jalada la kaye yetu tumebandika pia maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, na wengi wameyanakili pale mlangoni: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anyweshwe kidogo kidogo huku mnampeleka kwenye kituo cha afya, si badala ya kumpeleka.

Kuhusu makuta, ajaye ajiandae. Mgeni mmoja analipa kwa faranga zetu, wa pili aliyevuka Kavimvira analipa kwa faranga za Burundi, wa tatu anatoa dola na anataka chenji. Asubuhi tunapita kwa mbadilisha pesa kujua bei ya siku, tunaiandika juu ya ukurasa, na hapo hakuna kubishana. Dola iliyochanika hata kama ukucha, usiipokee, utabaki nayo. Faranga zetu zinaweza kuwa laini kama kitambaa cha jikoni na bado zikapita. Mtu akitwambia “mimi ni mkubwa fulani, silipi,” tunamjibu kwa heshima zote, “Karibu papa, tuandikie jina lako na kazi yako hapa.” Wengi hulipa.

Wageni huuliza maswali, na anayekaa mlangoni ni lazima awe na majibu. Je, kuna mamba? Wapo, na viboko pia, zaidi huko juu Ruzizi inapoingia, lakini hawana mpaka. Ziwa lina kina gani? Mahali palipo chini kabisa ni mita 1,470, na katika dunia nzima ni Baikal tu, kule Urusi, lililo na kina zaidi. Ule mji wenye taa ni upi? Bujumbura. Na kila msimu yupo anayeuliza kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Swali hilo ni la zamani kuliko barabara yetu. Waingereza Burton na Speke walifika hapa Uvira Aprili 1858 kwa ajili yake, wakitumaini kwamba mto unatoka ziwani na kwenda kuwa Nile. Watu wa hapa wakawaambia wazi kwamba unaingia. Haikutosha, miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Livingstone na Stanley wakaja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kutazama kwa macho yao, wakakuta unaingia. Wangeuliza wachota maji tu.

Sasa ile saa ngumu. Mwanzoni mwa msimu tulianza kuhesabu watoto. Kila kundi likiingia tunaandika kwenye kaye: jina la kanisa au la baba wa familia, wakubwa wangapi, watoto wangapi. Wakitoka tunahesabu tena. Watu walituchekea. Wengine walikasirika, hasa jioni kivuli kikishuka na kila mtu anataka kuwahi moto na motari wamepandisha bei. Mtu anayeleta watoto wake mwenyewe anaona ni matusi kuhesabiwa.

Jumapili moja ya Julai ikaja kwaya ya watoto kwa lori, tukaandika 38. Jioni wakatoka wakiimba, tukahesabu 37. Tukarudia wakiwa wamekwisha kupanda, 37. Kiongozi wao, kijana mzuri tu, akasema, “Mama, wote wapo, nimewaita majina.” Tukamwuliza ameita kutoka wapi. Aliita kutoka kichwani. Dereva akapiga honi. Nyuma yake magari mawili mengine nayo yakapiga honi. Tukafunga mnyororo.

Hatutasahau dakika zile. Wawili walikwenda vyooni na jikoni, wawili walifuata ufuo upande wa mawe, na wawili waliingia majini mpaka kifuani kuelekea zile nguzo za mlango wa zamani, na kikwembe chao juu ya kichwa. Aliyebaki alikaa juu ya mnyororo. Sentineli alikuwa ameamka tu, alikuja na tochi yake bila hata kuvaa viatu. Upepo wa kusini ulikuwa umeamsha mawimbi kama kila alasiri ya kiangazi, na katika mawimbi yale kila kitu cheusi kinafanana na kichwa cha mtoto. Kwenye lori kuimba kulikoma.

Sentineli ndiye aliyemwona. Kijana wa miaka sita hivi, amelala chini ya mtumbwi uliopinduliwa, viatu vyake chini ya kichwa kama mto, mchanga shavuni. Alikuwa ametafuta kivuli baada ya kula. Alipoamshwa aliuliza kama wimbo wake umeshapita.

Tulimbeba mpaka kwenye lori tukaandika 38, na saa. Kiongozi alishuka akatushika mikono bila kusema. Tangu siku hiyo mwenye kiwanja mwenyewe ndiye anayewaambia wenye haraka wangoje. Alitununulia kaye nyingine, yenye jalada gumu, na jile kumi za kuogelea zilizotumika, ambazo tunazikodisha kwa watoto bila kuongeza bei.

Siku kubwa mbili ni 30 Juni, ambapo kuna muziki na ugomvi na hatuna mengi ya kusimulia, na tarehe 1 Agosti. Hiyo ya pili ni ya kuja kuiona. Asubuhi familia zinakwenda makaburini kufyeka majani na kupaka chokaa, kama ilivyo kawaida ya nchi yetu siku hiyo ya wazazi, na mchana zinashuka ziwani na wazazi walio hai. Wanakuja na jembe bado likiwa na udongo. Mikono ina chokaa. Bibi anashushwa kwenye moto kama yai, anawekewa mkeka, vijukuu wanaoga mbele yake, na kuku anachomwa. Siku hiyo tunatandika beseni la maji na sabuni mlangoni, wananawa udongo wa makaburi kabla ya kuingia. Hakuna aliyetuagiza. Mwaka wa kwanza mzee mmoja aliomba maji ya kunawa, tukampa, wengine wakapanga mstari nyuma yake, na sasa ni desturi. Mwaka huu baba mmoja alikuja peke yake na watoto wanne. Tulipoandika alisema, “Wakubwa wawili.” Kisha akasahihisha mwenyewe, “Mmoja.” Tuliandika mmoja, na tiketi yake hatukuikata. Fungu hilo mwenye kiwanja hakulidai.

Kambi za mwisho za Agosti ndizo nzuri zaidi usiku. Miezi yote ya kufungwa ziwa lina giza, isipokuwa wale wanaoiba, ambao tunawajua na wao wanajua tunawajua. Tarehe 15 Agosti ikipita, na mwezi ukiwa haupo, katamara zinatoka na taa zao, na vijana waliokuja kutoka Bukavu wanatoka kwenye hema kuuliza mji ule mpya ulioko katikati ya maji ni mji gani. Wauza ndagala wanne kati yetu walikuwa wakiulizwa hivyo huku wakihesabu taa kwa ajili ya beseni za asubuhi. Wiki hizo mbili za mwisho walifanya kazi zote mbili, na zamu zao za alfajiri tuliwashikia.

Mwakani wawili wetu hawatarudi. Mmoja anajifungua, mwingine amepata kazi ya mshono. Zinahitajika nafasi mbili. Ajaye ajue kusoma na kuhesabu, asiogope kufunga mnyororo mbele ya gari linalopiga honi, na ajue kuogelea au akubali kufundishwa Mei, maji yakiwa yametulia. Majina yanapokelewa kwa wauza ndagala, Jumatano baada ya saa nne. Barua ya njia ya maji nayo iko hapo hapo, kwa mama anayetaka kutia sahihi.